Fundi Aliyekuwa Kuluva

Jumanne, Arua

Bado najiuliza mtu anadanganyaje kwa utulivu namna ile. Lori lilikuwa limeziba njia mjini, magari hayasogei, nami nikiwa ndani ya gari nikampigia simu fundi anayenishonea gauni la kuvaa kwenye harusi ya dada huko Koboko.

"Mimi iko Kuluva, mama. Hospitali. Naangalia mgonjwa."

Kuluva iko mbali, nje ya mji, nami nilikuwa namwona ng'ambo ya barabara, barazani kwake, kikombe cha chai mkononi. Kitambaa changu cha kijani kilikuwa juu ya cherehani, bado hakijakatwa.

Harusi ni Jumamosi na sina nguo nyingine. Ningemgombeza palepale dirishani, lakini nilitaka kujua uongo wake utaishia wapi.

"Huko Kuluva mvua iko?"

Akainua macho, akalitazama anga vizuri.

"Hapana, mama. Jua tu."