Lango Lililoturudisha

Addis Ababa,
Jumapili, tarehe 14 Hidar

Kaka yangu mpendwa Getaneh,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za mama mwenye nyumba wangu, ambaye kila akiniona anaulizia habari zako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekupungukia, na watoto wanakwenda shule bila kumsumbua sana mama yao mdogo. Mkeo Zenebech anaendelea vizuri, na hilo nalitanguliza ili usome yaliyobaki moyo wako ukiwa umetulia. Leo asubuhi amekunywa bakuli zima la uji wa atmit, ameketi mwenyewe kitandani, na amenituma nikuambie usimnyoe mwanenu Abiti nywele mpaka arudi. Sauti yake bado inakwaruza kwa sababu ya mpira waliomwingiza kooni, lakini daktari anasema itarudi.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata mahali pa kuishia.

Umeuliza mara nyingi ilikuwaje Jumanne ile. Umeme ulikatika saa tatu na nusu asubuhi. Jenereta ikachelewa kuwaka, na seva yetu ya hospitali ikazimika. Mkuu wangu, Ato Shiferaw, alikuwa kikaoni, kwa hiyo niliiwasha mwenyewe. Nikampigia simu nikamwambia kila kitu kiko sawa, imebaki laini ya mtandao tu. Laini ikarudi saa tano, na hapo ndipo tulipoingia matatani.

Unajua hospitali yetu iliacha mafaili ya karatasi. Daktari akitaka faili, kompyuta inampeleka kwanza kwenye lango la makao makuu. Anaandika jina na neno la siri, lango linampa kibali, anarudishwa kwetu, faili linafunguka. Siku ile lango liliwakubali na kuwarudisha kwetu, nasi tukawarudisha langoni. Lango likawatambua, likawaleta tena. Skrini za wodi zote zilikuwa zikimetameta nyeupe, zikienda na kurudi, mwisho kivinjari kinachoka na kuandika kwamba ukurasa umeelekezwa upya mara nyingi mno.

Nilifanya yale tunayofanya siku zote. Nilifuta kumbukumbu za kivinjari, nikajaribu kivinjari kingine, nikajaribu kompyuta nyingine, nikaizima programu na kuiwasha. Hali ikawa ileile. Nikampigia Tilahun wa makao makuu, anayesimamia lango. Akaniambia kwamba kwake kila mtu anapita.

“Sisi tunawapa kibali, ninyi mnawafukuza,” alisema. “Tafuta kwako, Mihret.”

Nikamjibu kwa ukali kwamba kwetu hakuna kilichoguswa. Kila simu ya mezani ilipolia nilishtuka. Maabara walikuwa wanapiga, chumba cha upasuaji wanapiga, na Ato Shiferaw akaja kusimama nyuma ya kiti changu, akiitazama skrini.

Ilikuwa saa nane nesi Yirgalem alipofika mlangoni petu. Alikuwa amepanda ngazi mbio na anahema.

“Nahitaji faili moja tu, dada yangu. Kitanda cha kumi na saba ana homa kali na daktari ameagiza dawa kwa simu.”

Nilimwambia dakika kumi. Sikugeuza hata kichwa. Akasubiri kidogo, akasema mgonjwa hawezi kujibu vizuri, bado amelewa dawa za upasuaji. Nikamwambia tena dakika kumi. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Asubuhi ile nilipopita kumsalimu Zenebech alikuwa kitanda cha tano. Sikujua kwamba wamemhamisha.

Yaliyofuata uliambiwa na Daktari Lulit mwenyewe. Sindano ya penisilini, uso kuvimba, koo kuziba, siku tatu chumba cha wagonjwa mahututi. Mimi nilipata habari saa tisa kasoro, nilipoitwa niende chini kama ndugu wa mgonjwa. Nilimkuta wamemzunguka, na mkono mmoja tu ndio ulioonekana, rangi imembadilika. Sijui nilisimama pale muda gani. Niliogopa kusogea, kama vile nikisogea atakufa.

Walipoanza kusema moyo umetulia nilirudi juu, kwa sababu kulikuwa na vitanda vingine na sikujua mwingine anadungwa nini. Hapo ndipo niliposoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, na mstari mmoja ulisema kibali kimekataliwa kwa kuwa muda wake wa kuanza kutumika bado haujafika. Nikatazama saa ya seva. Ilikuwa nyuma kwa saa sita kamili. Niliirekebisha, na milango yote ikafunguka.

Kwenye ripoti niliandika hitilafu ya umeme. Ato Shiferaw akasaini. Yirgalem akasimamishwa kazi kwa kutoa dawa bila kuona faili. Ana watoto wawili, na alipokuja kuchukua vitu vyake alinipa pole ya mgonjwa.

Tangu hapo silali vizuri, na nikilala nazisikia ngazi zile. Kisha Ijumaa ikaja barua yako, ukinitaka nikutafutie jina kamili la aliyehusika, ili umshitaki.

Kaka, seva haikujipangia saa yenyewe. Betri yake ya ndani imekufa, ikizimika inasahau wakati, na bila laini haikuweza kuuliza kokote. Nikauandika kwa mkono. Tarehe nilikumbuka kuigeuza kutoka kalenda yetu iwe ya kizungu. Saa niliinua macho nikatazama ya ukutani, ikaonyesha nne na dakika tano, nikaandika nne na dakika tano, wakati mashine ilitaka saa ya kizungu, kumi na dakika tano. Laini iliporudi pengo lilikuwa kubwa mno, ikakataa kujirekebisha. Nilipoziona zile saa sita nilielewa palepale, na bado nikaandika umeme. Na kuhusu penisilini, siku ya kumlaza ni mimi niliyejaza fomu kwamba inamdhuru. Jibu alilolitaka Yirgalem nilikuwa nalo kichwani. Sikumuuliza jina la mgonjwa.

Jana nilimweleza Zenebech. Akaniambia nikuandikie mwenyewe kabla hajarudi. Ripoti ya pili nimempelekea Ato Shiferaw. Alinisukumizia karatasi nirudi nayo, nikaiacha mezani.

Nisalimie watoto, na mama yao mdogo. Sijui kama utanijibu, na naogopa kila linaloweza kuwa ndani ya jibu lako. Lakini Yirgalem mwache. Jina kamili uliloniomba, la kuandika kwenye mashitaka, ni hili hapa chini.

Mdogo wako,
Mihret Woldeyes