Mkoba wa Devota Kutoka Ubelgiji

Mama Devota,

Wewe uliyekuwa ukisema siwezi kutumwa chumvi nikarudi na chumvi, kaa vizuri nikupe habari. Nimenunua mkoba. Si sokoni Ngara mjini, wala si kwa wale vijana wa mitumba wa Benaco. Nimeununua Ubelgiji, mimi mwenyewe, kwa Kifaransa changu hiki hiki ulichokuwa unakicheka.

Nianze na ya nyumbani. Sisi tu wazima. Grasia wetu mdogo yuko darasa la nne na ana mdomo kukuzidi wewe. Mbuzi wako mweusi kazaa mapacha, kiburi chake kiko pale pale. Benaco imenyamaza. Wanyarwanda wamerudi kwao, na pale palipokuwa na mahema mpaka jicho linachoka, sasa ni nyasi na visiki. Warundi bado wapo kambini kwao, kwa hiyo kazi yangu ya ukalimani ipo, na ndiyo iliyonipandisha ndege. Shirika la wakimbizi ninalolifanyia kazi lilikuwa na mkutano Ulaya, wakataka mtu wa Ngara akaeleze wenyeji tumeishije na wageni wengi kiasi kile. Wakanichagua mimi, mwalimu mzee mwenye suti moja. Ungekuwepo ungeipiga pasi mara mbili na kunionya nisichokonoe meno mbele za watu.

Na Devota ameolewa. Ndiyo, na yule yule Fidelis wa Ntobeye, uliyesema ana masikio makubwa lakini ana adabu. Masikio hayajapungua.

Sababu ya mkoba unaijua kuliko mimi. Kwetu mama ndiye anayempa binti kapu la kuingia nalo ukweni. Analijaza kwa mkono wake, na mama mkwe ndiye wa kwanza kulifungua, mbele ya wanawake wenzake. Lakini wewe kapu ulilikataa tangu mwaka ule wakimbizi walipomiminika. Ulikuwa umesimama kando ya barabara na ndoo yako, unagawa maji, akapita mama mmoja wa Kigali, viatu vimeisha, godoro kichwani, na begani mkoba wa ngozi wenye kifungo cha dhahabu. Ulimpa maji, akakushukuru kwa upole wa mtu aliye sebuleni kwake. Jioni ukaniambia, "Baba Devota, mwanangu ataolewa na mkoba kama ule. Mtu akikuona nao anajua una kwenu." Nikacheka, ukaninunia mpaka kesho yake.

Basi mkutano ulipokwisha nikamwomba mwenyeji wetu anipeleke kwenye duka la mikoba. Duka la kwanza bei zake zilinirudisha mlangoni. Akanipeleka mtaa wa nyuma, kwenye duka la vitu vya zamani: mikoba iliyobebwa na mabibi wa miaka hiyo, pete zao, mikufu yao, saa zao za mkononi. Mitumba, Mama Devota. Wazungu nao wanauziana mitumba, ila ya kwao inakaa ndani ya kabati la kioo, na mwenye duka anavaa glavu nyeupe kuishika. Alikuwa bibi wa makamo ya mama yangu. Nilimwamkia kwa kuinama, nikaketi nikisubiri aniulize habari za safari. Akaniuliza kama naumwa.

Kisha nikauona. Ngozi rangi ya kahawa iliyokaangwa, kifungo cha dhahabu, ndani bitana ya hariri. Nikaufanyia yote niliyokuona ukifanya sokoni: nikaunusa, nikavuta mshono, nikaupindua chini juu. Kuufungua, nikakuta umejaa makaratasi laini. Nikamwambia bibi kuna mtu kasahau barua zake. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kumbe ni ya kuushika usinywee. Akayatoa yote, akanikabidhi mkoba mtupu, na hapo mimi nikagoma. Nikamweleza kwetu mwanamke hapelekewi chombo kitupu, hata kama ulikiazima tu. Atie chochote. Akadhani natafuta kupunguziwa bei. Tukavutana pale, mwenyeji wangu kawa mwekundu, mpaka bibi akaelewa. Akaingia nyuma, akarudi na tufaha moja, akalitia mwenyewe, akafunga.

Nikachukua na hereni za lulu zilizokuwa pembeni. Kufika hotelini naziangalia, hazina sindano ya kupita sikioni. Nikajua nimepigwa. Devota ndiye aliyenifundisha kwamba zile zinabana tu. Alizivaa, akasema zinauma lakini hazivui ng'o, akacheka kicheko chako. Nikatoka nje kidogo.

Sasa sikia. Tufaha lilikuwa limeliwa njiani, na mkoba ulikuwa mezani kwetu Nyamiaga, mtupu. Dada yangu Sesilia akasema atasimama badala yako, ataujaza khanga, sabuni na sukari. Devota, yule mpole, akakataa. "Shangazi, nisamehe. Mkoba ni wa mama. Kama mama hayupo kuujaza, nitaingia nao hivyo hivyo." Sesilia akasema huko ni kujitukana wenyewe na kumtukana mama mkwe juu yake. Wiki nzima nikaishi na wanawake wawili wasiosemezana, mimi katikati nawapitishia chumvi. Nilijaribu kumsihi Devota. Akaniambia, "Baba, siyo ubishi," akashindwa kumalizia.

Niliogopa, sikufichi. Niliona wanawake wa Ntobeye wakiufungua, wanakuta hariri tu, na tangu siku hiyo mwanetu anaitwa yule aliyekuja bila mama. Nilikukasirikia. Kwa nini ufe kabla ya jambo hili, jambo ambalo mimi silijui hata linaanzia wapi.

Ijumaa, kesho yake ndiyo harusi, nikaingia jikoni kutafuta kamba ya mbuzi. Juu ya meko, kwenye moshi, kinaning'inia kile kibuyu chako cha mbegu. Maharage yale uliyachagua mwenyewe baada ya mavuno yako ya mwisho, punje moja moja, ukayachanganya na majivu, ukaziba mdomo kwa jani kavu la mgomba na kulifunga. Msimu wa kupanda ulipofika sikuyagusa. Fundo lile ulilifunga wewe, mkono wangu ukakataa kulifungua, nikaenda kununua mbegu sokoni.

Nikakishusha, nikamwita Devota. Nikamwambia, "Mama yako alishatenga." Akakitazama kile kibuyu, akakaa chini, akakiweka mapajani. Fundo alilifungua yeye, polepole, bila kukata kamba. Tukamimina nusu ndani ya mkoba wa Ubelgiji. Hariri yote ikawa ya kijivu, majivu mpaka kwenye kifungo cha dhahabu. Yule bibi wa glavu angezimia. Sesilia alisimama mlangoni akatazama, akalia sana, halafu akamkumbatia Devota, yule aliyekuwa hamsemeshi.

Yaliyotokea Ntobeye amenisimulia yeye, maana alikuwa chumbani pamoja na wanawake. Mama mkwe aliusifu mkoba kwanza, akaupapasa, akasema haya mambo ya Ulaya. Akaufungua, akaingiza mkono, ukatoka na majivu hadi kifundoni na maharage kiganjani. Akamuuliza Devota, "Nani amekujazia?"

Devota akasema, "Mama."

Wengi waliokuwa mle ndani walikuja kukuzika. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mama mkwe akayarudisha maharage ndani mpaka punje ya mwisho, akafunga, akaubeba mkoba yeye mwenyewe kuupeleka chumbani kwa bibi harusi.

Nusu iliyobaki iko kwenye kibuyu, nimekirudisha juu ya meko. Fundo langu ni baya, ungelicheka. Mvua zikianza nitayapanda mwenyewe, na wakati wa kuvuna nitachagua mbegu jinsi nilivyokuona ukichagua, kila mwaka, nisiruke hata mmoja. Pumzika, mke wangu. Siku Grasia atakapoolewa, utakuwa na cha kumtilia.

Baba Devota