Mwamba wa Kabati Hautengenezeki

Barabara ya Wattle Creek,
Tasmania.
14 Agosti

Mpendwa Shangazi Noreen,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Aberdeen, na kwamba goti sasa linakubali kupanda ngazi. Baridi ya huko najua haina adabu, ila ya huku mwaka huu imeiga. Mimi najikongoja. Kaka Garth hajambo, na mdomo wake ndio kabisa haujawahi kuugua.

Baba hajambo kwa mwili, anakula, anasikiliza mpira redioni na kuwatukana waamuzi. Macho ndiyo yenye taabu. Daktari ametuambia tusitarajie kitu.

Ulishasikia kwamba Kabati, ule mwamba wetu wa juu ya malisho, limeanguka. Mvua za Julai ziliingia kwenye nyufa, na asubuhi moja tukinywa chai uso wote wa mwamba ukashuka malishoni. Kondoo walinusurika. Baba aliusikia tu ule mngurumo, akaweka kikombe chini, akauliza ni Kabati? Tangu siku hiyo alikuwa na ombi moja, auone tena kama ulivyokuwa kutoka dirisha la jikoni, kabla giza halijamfunika.

Tulitafuta picha nyumba nzima. Shangazi, hakuna. Tunazo tele tulizopigwa tukiwa juu yake, tunachekacheka, nyuma yetu mawingu. Wa kuupiga mwamba wenyewe hakutokea, kwani nani hupiga picha ukuta wa nyumba yake?

Basi nikasema nitautengeneza. Kazi yangu unaijua, milima ya kompyuta kwa ajili ya michezo. Programu huumba ardhi kwa hesabu za kubahatisha, ambazo sisi wa kazi hii tunaziita kelele ingawa hazina sauti. Kelele za kawaida hutoa mawe ya mviringo. Garth alichungulia akasema, "Dada, hayo mawe au viazi?"

Nikabadili hesabu. Nikaikata ardhi vipande vipande, nikavivuta viwe nguzo, nikapitisha nyufa za kulala, kisha kila tofali nikalisukuma ndani au nje kidogo. Ukatoka ukuta wa fundi mwashi. Nikaipinda mistari, nikavunja kingo, na hapo ukaanza kufanana na mwamba. Nilimwita Baba, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Mzuri," akasema. "Ila huo ni mlima wa watu wengine."

Tuliendelea hivyo wiki nzima. Siku moja nilikaribia sana. Baba alishika meza akasema, "Hapo hapo. Ila lile pengo la mwewe, alipokuwa akijenga kiota, liko juu mno, lishushe." Shangazi, pengo halishuki. Kwenye hesabu hizi hakuna pengo la kushika kwa mkono, kuna namba tu, na ukigusa moja mwamba wote unageuka mwingine. Nami kwa kiherehere cha kumfurahisha niligusa kabla ya kuhifadhi. Ukapotea. Nimejaribu namba mpaka vidole vimeuma, nimepata miamba isiyo na idadi, na ule sikuupata tena.

Jumapili nilimwonyesha mmoja ambao mwenyewe niliuona hovyo. Alitazama kitambo, akanipapasa bega. "Ndio huo, mwanangu. Ndio wenyewe. Sasa zima hiyo mashine uje ule chakula."

Ni sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kusifia mikate yangu iliyoungua nilipokuwa mdogo. Nilikwenda bandani nikalia. Garth akanifuata, akasema ule sio Kabati. Nikamwambia haya, niambie basi lilikuwaje. Akafungua mdomo, akaanza na nguzo ya kushoto, akasita. Akaichora vumbini kwa kidole, akaifuta, akaichora tena.

Tangu juzi Baba haoni hata mwanga wa dirisha. Hajauliza tena habari za mwamba, nami sina moyo wa kuutaja.

Umeniandikia kwamba umesikia nimeutengeneza, nikutumie nawe uutazame. Nisamehe, sitatuma. Nikifumba macho sasa naona huu wangu wa kompyuta, na ule wa kweli nikiutafuta siupati. Garth naye ni hivyo hivyo. Baba sithubutu kumuuliza, maana naogopa wa mwisho aliouona ndio aliobaki nao. Ulioko kichwani mwako, wa utoto wako hapa, haujaguswa na mtu. Ukiona wangu utakufutia wako, na hapo Kabati litakuwa limekwisha duniani.

Nisalimie mjomba Ewan, Morag na pacha wake. Garth anakusalimu, na Baba anasema bado unamdai kofia.

Mungu akulindie macho, Shangazi, na yote yaliyomo ndani yake.

Ni mimi binti wa kaka yako, akupendaye kutoka mbali,

Maree