Kijaluba cha Tatu

Basel, 9 Novemba 1731

Dada yangu mpendwa Salome,

Natumai waraka huu utakukuta mzima, na kile kikohozi cha wakati wa mavuno kimeshakuachia kifua. Na yule mbuzi wako, ameacha kula maua ya jirani? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio sijui niseme nini.

Najua umeshasikia, maana huko Liestal habari hufika kabla ya mwenyewe: kiti cha uprofesa wa sheria nimekikosa. Miaka kumi na miwili umefuma tepe za hariri mpaka vidole vikapinda, ili mimi nisome, na bado mdogo wako si profesa. Majirani watakwambia ni bahati mbaya tu.

Desturi yetu unaijua. Huteuliwa majina matatu, kila jina hutiwa kijalubani mwake, kisha rekta, yule mkuu wa chuo, huingiza mkono katika mfuko wenye vijaluba hivyo na kutoa kimoja. Safari hii alitoka Jost Wirz, ambaye kitabu cha sheria hukishika kama mtu aliyeshika samaki. Theobald Hagmann, yule rafiki yangu wa watoto watano waliokumalizia jibini, amekosa pia. Miaka tisa anafundisha nyumbani kwake bila kiti, maskini.

Sasa dada, kaa chini. Siku mbili kabla ya kura nilikwenda kwa rekta nikaliondoa jina langu. Nilimwonea huruma Theobald, nikadhani wakibaki wawili atapata nafasi kubwa zaidi. Rekta aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu, tena kwa maringo, kwamba ninayo.

Kumbe kanuni inataka majina yawe matatu daima! Nilipotoka mimi, akaingizwa Jost. Jina lake likatiwa kwenye kijaluba changu kilekile, chenye bonyeo ubavuni, na ndicho kilichotoka.

Theobald nilipomweleza alicheka mpaka akalia. Akaniambia, “Wewe bwana! Sheria za Warumi wote unazo kichwani, ya mlangoni kwako hukuisoma?” Kisha akanikumbatia, asiniachie.

Lakini kinachoniuma si Jost. Kiti kile kilikuwa cha vidole vyako, nami nikakigawa bila kukuuliza. Nisamehe, dada. Nitukane ukitaka, ila usininyamazie.

Nisalimie shangazi na wote wa hapo. Jumapili nakuja. Usiponifungulia, nitakaa bandani na mbuzi mpaka unifungulie.

Ni mimi mdogo wako,
Melchior