Kibao ni Kibao

Mpendwa mshauri, naomba msaada, japo mimi si mtu wa kuombaomba, mimi nimezaliwa na bahati, waulize madereva wote: pipa la asidi lilipasuka nyuma ya lori langu nikatoka bila mkwaruzo, suruali imenyooka kama ya bwana harusi. Lakini sasa kichwa kinazunguka. Sheria ya serikali inataka lori la kemikali libebe kibao cha rangi ya chungwa chenye namba, na changu nilikivunja nikirudi nyuma ukutani, na mkaguzi anakuja kesho yake, basi nikang'oa cha lori bovu pale uani nikakifunga kwa waya, kibao ni kibao, mkaguzi akagonga mhuri na kunisifu juu. Mimi wa darasa la nne nilidhani namba zile ni za mkaguzi, kumbe ni za zimamoto, huzisoma kwa mbali wajue wamwage nini. Siku ya pipa zimamoto aliyekuja ni shemeji yangu, mume wa dada, akasoma namba, akafungua maji, na asidi ile haitaki maji, ikachemka ikamrukia mikono yote miwili. Walipomkimbiza hospitali nikakifungua kibao nikakitupa. Sasa kazini kwake wanasema alisoma vibaya, Ijumaa wanakaa kumfukuza, na jana namlisha kwa kijiko akaniuliza, "Shemeji, hivi ile namba niliiona kweli, au macho yangu ndiyo mabovu?" Nikamjibu labda ni moshi. Dada ananishukuru kwa kumuuguza. Nikisema nafungwa, nisiposema yeye anajiona kipofu, sijui nishike lipi. Na ile bahati, mshauri, ni uongo. Nilijua kilichomo pipani, nikakimbia kimya.

Dereva Msumari

Ndugu Msumari,

Pole, lakini ungekuwa karibu ningekuzaba kibao, tena hicho cha mkono. Hivi ungetia sumu kwenye chupa ya dawa ya kikohozi ukaiacha mezani kwa dada yako? Hukumdanganya mkaguzi, ulimdanganya anayekuja kukuokoa. Kesi itakukuta, sikufichi, na kazi huenda ikaenda. Ila huwezi kumla mtu mikono kisha ukamla na akili. Leo hii mwambie shemeji yako kwanza, kabla ya dada: "Uliona sawa, kosa ni langu." Usiongeze mzaha. Kisha kitafute kibao ulikokitupa, umwone wakili, na Ijumaa ufike kwenye kikao hicho kabla ya mwenyekiti. Shemeji akikufukuza chumbani, toka, ukae kwenye benchi la nje.