Saruji Utosini

Machi 9

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako siku hizi linakuacha ulale. Sisi huku hatujambo, ila mikono imechoka mpaka kalamu naiona nzito. Ningepiga simu, lakini masikio yako na simu havipatani. Mdogo wangu anakusalimu sana. Yuko hapa pembeni anafua huku anaimba, na jirani wa chumba cha pili ameshagonga ukuta kumnyamazisha.

Najua unasubiri habari za ubatizo wake. Hakubatizwa. Usianze kugomba kabla hujamaliza kusoma. Jumapili ile ile ndiyo tuliyomwaga zege la ghorofa ya pili. Zege la juu likianza kumwagwa haliachwi katikati. Ukiacha nusu ukaja kuunganisha kesho, hapo kwenye kiungo ndipo patapasuka na kuvuja. Nyapara akasema atakayekwenda kanisani aende moja kwa moja, asirudi. Mdogo wangu akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Maji ya kanisani hayagandi, bwana. Zege linaganda. Utabatizwa zamu ijayo."

Akacheka, akatia karai begani, akapanda.

Wenzetu kazini wanamwita Mkurugenzi, kwa sababu siku ya kwanza alikuja kubeba kokoto na shati limepigwa pasi. Anasema kinachomuuma siyo kungoja, ni kule kutolewa nje. Kanisani kwao, kama huko kwenu, Meza ya Bwana ikitandikwa wanafunzi wa ubatizo wanaambiwa watoke, wanakaa uani mpaka wenzao wamalize. "Kaka," ananiambia, "tunatoka kama kuku waliofukuzwa jikoni." Mimi namsubiri huko uani kila Jumapili, kwa hiyo akitoka ananikuta. Ndani siingii, unanijua.

Zamu ijayo ni mwezi wa sita. Vumilia kidogo.

Mwanao mkubwa


Machi 25

Mwanangu mkubwa,

Marahaba. Goti linanisumbua lakini kanisani linanifikisha, na zaidi ya hapo silidai kitu. Wewe unakula? Umeandika ukurasa mzima wa zege, chakula hukukitaja.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Kazi gani hiyo isiyoijua Jumapili? Na wewe, mtu mzima, unamwambia mdogo wako maji hayagandi! Mdomo huo umeurithi kwa marehemu baba yenu. Ndiye aliyesema msibatizwe mkiwa wadogo, mtachagua wenyewe mkishapata akili. Nilimtii. Mmoja amechagua. Akili zako wewe bado nazisubiri.

Lakini sikutanii tu, naogopa. Tangu baba yenu afe bila maji, sijawahi kukaa kwenye benchi langu la mbele nikapokea mkate bila kujiuliza yuko wapi. Nikija kuwakosa na ninyi huko mbinguni, nitakuwa nimekwenda kufanya nini peke yangu?

Nimemshonea mdogo wako shati jeupe la siku yake. Mabega nimekisia. Umpeleke wewe mwenyewe, umshike mkono mpaka kwenye maji. Nyapara akikataa, mwambie mama amesema.

Mama yako


Mei 2

Mama,

Shikamoo. Najua shangazi amekwisha kukuambia, maana nyapara alimpigia simu. Lakini ni lazima uisikie na kwangu. Barua hii anakuletea dereva anayemleta mdogo wangu.

Alifariki jana. Tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya tatu, nguzo za mbao zilizoshikilia chini zikaachia, tukaanguka wote wawili. Mimi nimevunjika mguu. Yeye aliangukiwa.

Nimewaomba wenzangu wamvalishe shati ulilomshonea. Mabega ulikisia vizuri. Siwezi kuja, wamenifunga plasta mpaka pajani.

Mama, nisamehe.

Mwanao


Mei 20

Mwanangu mkubwa,

Marahaba. Mguu unaendeleaje? Usiukanyagie mpaka wakuruhusu. Mimi nipo. Ukiniuliza kama ni mzima sitajua nikujibu nini.

Tumemzika. Wenzako walimwosha mwili vizuri, wabarikiwe, lakini kichwa waliniachia mimi. Utosini kulikuwa na saruji imegandia nywele kama kofia ndogo. Nikamkatalia shangazi yako, nikasema hiki kichwa naosha mwenyewe. Nilimimina maji ya uvuguvugu, nikawa naitoa kwa vidole, namimina tena, naitoa, mpaka nywele zikawa laini kama alipokuwa mtoto mchanga. Sikutaka aende kwa Mungu mchafu.

Kisha mchungaji akaja na wazee wa kanisa, akauliza kama alikuwa amebatizwa. Nikasema alikuwa mwanafunzi, alibakiza mwezi mmoja. Akasema anasikitika, na niliona kweli anasikitika, siyo mtu mbaya. Lakini asiyebatizwa hapigiwi kengele, wala hazikwi upande wa waumini. Tumemzika kando ya ukuta wa nyuma, jirani na baba yenu. Watu wakaimba kidogo, wakakung'uta viatu, wakaondoka.

Nilimuuliza mchungaji mbele ya watu wote: mtoto wangu yuko wapi? Akasema Yesu mwenyewe alisema mtu hana budi kuzaliwa kwa maji. Nikamwambia, na yule mhalifu aliyesulubiwa pembeni yake, yeye alizaliwa kwa maji gani? Kisha akasema, "Mama, yule alipewa ahadi akaisikia kwa masikio yake. Wa kwako siwezi kumsemea." Shangazi yako akanivuta mkono tukaenda nyumbani.

Niambie alivyokufa. Usinifiche kitu. Alisema neno lolote?

Mama yako


Juni 8

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaunga. Natembelea gongo, na nyapara amenipa kazi ya kukaa. Natumaini unakula.

Barua yako nilipofika pale kwenye saruji nilitoka nje. Mama, ile saruji haikummwagikia kwa bahati mbaya. Niliiweka mimi.

Tulipoanguka alikuwa karibu yangu, mbao zimemlalia kifuani. Akaniita, "Kaka, maji." Nikapiga kelele waje na maji ya kunywa. Akasema, "Siyo ya kunywa." Halafu akafumba macho. Nilikaa nimemtumbulia macho kama mjinga kabla sijaelewa. Maji niliyoweza kuyafikia yalikuwa kwenye lile pipa tunalooshea makarai na makoleo, ya kijivu, mazito. Nikajiburuta na mguu wangu mpaka pale, nikachota kwa kopo, nikajiburuta kurudi. Mengi yalimwagika njiani. Yaliyobaki nikammwagia utosini, nikasema nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Maneno hayo niliyasikia kupitia dirishani, nikimsubiri uani. Nyapara akavua kofia.

Nilimwambia maji ya kanisani hayagandi. Ya kwangu yaliganda.

Sasa sijui. Mimi mwenyewe sijabatizwa. Maji yalikuwa machafu. Na sijui kama alikuwa bado anapumua. Waulize huko kanisani kama inahesabika.

Mwanao


Juni 26

Mwanangu,

Marahaba. Nimeitoa. Ile saruji nimeitoa kwa kucha zangu, punje kwa punje, nikaimwaga nyuma ya nyumba pamoja na maji machafu. Ningejua ningemzika nayo.

Nilikwenda kwa mchungaji siku ile ile, goti nililisahau. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwita mwalimu wa ubatizo. Mwalimu akasema, "Mtu akiwa anakufa, yeyote anaweza kumbatiza, hata asiyebatizwa, mradi amekusudia." Mchungaji akasema yeye hilo alifundishwa vingine, lakini hatabishana mbele yangu. Nikamuuliza, na maji machafu je? Akasema maji ni maji. Nilitaka kuruka, mwanangu, na uzee huu. Mchungaji akanizuia kwa mkono. "Mama, limebaki moja. Maiti habatizwi. Mwandikie mwanao. Akisema alikuwa anapumua, Jumapili hiyo hiyo nitapiga kengele, na jina lake nitalitaja pamoja na waumini waliotutangulia."

Kwa hiyo ni pumzi moja tu. Sikuombi uongo. Nakuomba ukumbuke vizuri. Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Kifua kilikuwa kinapanda? Hata kidogo? Kumbuka vizuri, baba. Nikipita kanisani naiangalia ile kamba ya kengele, narudia tena kuiangalia.

Mama yako


Julai 17

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza na kuichana, nimeianza na kuichana. Ile ya kwanza niliandika, "Alikuwa anapumua." Maneno mawili tu. Wenzangu wakasema, "Tuma, bwana, unamtesa mama yako kwa faida gani?" Nyapara naye akasema yuko tayari kuwa shahidi.

Mama, hakuwa anapumua. Nilipokuandikia sijui, nilikuwa najua. Nilipofika na kopo nilimwekea mkono kifuani kwanza. Palikuwa pametulia. Nikammwagia hivyo hivyo.

Utaniuliza kwa nini. Ile kazi ya kukaa niliyopewa ni kumwagilia zege kwa mpira. Zege likishaganda likawa jiwe ndipo tunaanza kulimwagilia, asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Wapita njia wanatucheka: "Mafundi, mnategemea litaota majani?" Hawajui kwamba lisipopata maji baada ya kuganda halipati nguvu, linapasuka. Nimefikiri sana nikiwa nimekaa pale. Naona mkono wangu siku ile ulifanya kitu unachokijua. Sababu nyingine sina.

Kengele ningeweza kukupatia. Lakini kila ikilia ungefikiri inamlilia yeye, na mimi ningejua inaulilia uongo wangu. Na kama Mungu anasubiri barua ya kibarua ndipo ajue amweke wapi mdogo wangu, basi sote tumekwisha.

Mwanao


Agosti 21

Mama yangu,

Shikamoo. Hujajibu. Goti je? Shangazi ameniambia kwa simu kwamba unaamka, unafagia, unakula kidogo, huzungumzi. Amesema pia umehama benchi lako kanisani. Nikamuuliza umehamia wapi, akasema, "Muulize mwenyewe, mimi yamenishinda."

Gongo nimelitupa, nimerudi kubeba. Mdogo wangu alikuwa akinibebea zamu yangu nikichoka, akijifanya anahitaji mazoezi. Sasa hakuna.

Hata ukitaka kunitukana, andika.

Mwanao


Septemba 14

Mwanangu mkubwa,

Marahaba, mwanangu. Kama mguu ndiyo kwanza umeunga, usibebe vizito. Mimi goti ni lile lile.

Nilikukasirikia. Nilitamani ungenidanganya. Nakuambia ukweli kama ulivyoniambia. Nikafikiri, barua ameniandikia mimi, naisoma mimi, nani atajua? Nitakwenda niseme mwanangu amekumbuka, alikuwa anapumua. Nilifika mpaka mlango wa kanisa. Nikamkuta mchungaji anafagia mwenyewe. Nikafungua mdomo, nikajisikia ninasema hakuwa anapumua. Akaweka ufagio chini, akasema, "Pole, mama." Tukakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza kama kwa Mungu kuna kuchelewa. Akauangalia ule ufagio, akasema hajui. Kengele haikupigwa na haitapigwa.

Kisha kuna jambo nimelikumbuka. Siku ile nilipokuwa namwosha kichwa nilikuwa naomba. Kila nilipomimina yale maji ya uvuguvugu nilimtaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, kwa sababu maneno mengine yalikuwa yameniishia. Kwa hiyo tulimmwagia wawili, mwanangu. Wote tulichelewa.

Kuhusu benchi. Nimehamia nyuma, mlangoni, na wanafunzi wa ubatizo. Meza ikitandikwa, wakiambiwa watoke, nami nanyanyuka na goti langu natoka nao. Mara ya kwanza mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono. "Mama, wewe umebatizwa, unakwenda wapi?" Nikamwambia namsindikiza mwanangu. Tangu hapo wananiacha. Tunakaa uani, tunawasikia wenzetu wanaimba, na mkate nauona kupitia mlangoni ukipita kwa wengine.

Usidhani nimeacha kuamini. Ningekuwa siamini ningebaki pale pale mbele, nikala, nikarudi nyumbani. Siku watakayomwita mdogo wako aingie, nitaingia naye. Wasipomwita, angalau hatakuwa nje peke yake.

Nimefikiri sana juu yako pia. Jumapili zile zote ulikuwa unakaa uani ili akitoka akukute, na mimi huku nakusema huna akili.

Ukipewa ruhusa, njoo. Uani tunakaa kwenye matofali. Nimekuwekea moja pembeni ya langu, na mtu akitaka kulikalia namwambia lina mwenyewe.

Mama yako