Betri Mpya na Betri Kuukuu

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba. Naona aibu kuitikia shikamoo yako, maana mimi niko kidato cha tatu na wewe uko la saba, lakini mama yako ni mtoto wa kaka yangu, basi mimi ni bibi yako. Hapa Kisesa tu wazima.

Umeuliza kama muunge betri mpya ya sola na ile ya zamani. Sisi tuliunga mwaka jana, mama yangu akiwa na mayai arobaini kwenye mashine ya kutotolesha. Niliunga mimi, nikifuata kitabu cha fizikia: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, madirisha wazi ili hewa ya betri itoke. Jioni zilionyesha zimejaa. Asubuhi mashine ilikuwa ya baridi, betri zote mbili tupu.

"Si ulisema umesoma?" mama aliuliza, ameweka yai shavuni kusikia kama bado lina joto.

Nikamwita fundi. Akacheka. "Binti, umefunga ng'ombe mzee na ng'ombe kijana kwenye jembe moja! Mzee anamchosha mwenzake." Akaitoa ile ya zamani, akaichaji mpya peke yake.

Bado sielewi. Nyaya zilikuwa sahihi, nimezichora upya mara tatu daftarini. Fundi anasema betri ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, zimenunuliwa pamoja. Kitabu changu hakikusema hivyo. Basi msiziunge.

Mayai sita tu ndiyo yaliyototolewa. Mama alinipa kifaranga kimoja niwe nacho, na mpaka leo sijui kama ilikuwa zawadi.

Bibi yako,
Kulwa